Maji ya Gundi

Simu ya Doto ilinikuta darasani, nimeshika kipande cha mbao mkononi na wanafunzi wananitazama. Huwa sipokei simu darasani. Nimewahi kuwatoa vijana nje kwa kosa hilo hilo. Lakini namba ile ilipiga mara tatu mfululizo, na mtu akikupigia hivyo, mara nyingi ni msiba, basi nikatoka barazani. Sauti ya mwanamke ikaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu Luhende," kisha ikajitambulisha: Doto, mtoto wa Mama Kulwa, yule aliyekuwa akiuza mbao Shinyanga mjini karibu na reli. Mama yake alikuwa amefariki jana yake huko Runzewe, na alikuwa ameacha agizo kwamba asizikwe mpaka afike mtu kutoka karakana ya Baba Neema. Baba Neema mwenyewe alishatangulia zamani, na karakana siku hizi ni duka la vipuri vya pikipiki. Neema, binti yake, ndiye aliyempa namba yangu. "Mwalimu, tumeambiwa wewe ndiye uliyebaki," Doto akasema. Nikamwambia nitakuja. Niliporudi ndani nilikuwa nimesahau nilipoishia, ingawa kipande cha mbao kilikuwa bado mkononi na somo lilikuwa lile lile ninalolifundisha kila mwaka, la maji yanayoingia kwenye mbao kupitia gundi.

Niliseme somo hilo kwa kifupi, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Gundi nyeupe ya mafundi sehemu yake kubwa ni maji. Ukiipaka, maji yale hayapotei. Mengi yanaingia kwenye mbao. Mbao ikinywa maji huvimba, na ikikauka husinyaa. Sasa wewe umeibandika ikiwa imevimba na gundi imeshika. Siku zinazofuata mbao inataka kurudi kwenye kipimo chake, lakini imeshikwa. Haiwezi kusinyaa, na wala haiachi kutaka kusinyaa. Sisi walimu tunauita mkazo wa ndani. Kwa nje huoni kitu: kazi imenyooka, inang'aa, mwenye mali anaisifia. Halafu siku isiyo na jina inapinda, au inapasuka, na kila mtu anasema mbao ilikuwa mbichi. Hapo ndipo huwaambia wanafunzi wangu kwamba kulikuwa na fundi mmoja wa zamani aliyefanya kosa hilo na wakamlaumu muuza mbao. Mwaka juzi binti mmoja aliyekaa mbele akaniuliza, "Na yule muuza mbao ilikuwaje, Mwalimu?" Nikamjibu kwamba alihama. Nikafuta ubao wa kuandikia na kuwaambia wakapange meza.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na nilikuwa na majivuno kuliko ujuzi. Nilianza kazi kwa Baba Neema mwezi wa kwanza, baada ya kumaliza chuo, na mpaka Pasaka kazi zote za kubandika zilikuwa chini yangu. Nilipewa chumba cha nyuma ya karakana, chenye dirisha moja la nyavu na kitanda nilichokiunda mwenyewe kwa mabaki. Usiku na mchana chumba kile kilinukia vumbi la mninga, harufu ambayo hadi leo ikinipata njiani hunifanya nisimame. Chakula nilikula kwao. Mama Neema, mke wa tajiri wangu, alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, asiyeamini kwamba mtu mwembamba anaweza kuwa fundi. Asubuhi ilikuwa michembe ya viazi vitamu na karanga, jioni ugali wa mtama na mlenda, na siku za furaha maziwa mgando katika kibuyu. "Kula, Luhende," alikuwa akisema, "randa haisukumwi kwa maombi." Ukuta kati ya chumba changu na jiko lao ulikuwa wa mbao tupu, tena mbao za mwisho wa gogo zenye mianya, kwa hiyo niliyajua mambo ya nyumba ile kuliko nilivyostahili.

Mama Kulwa alikuwa ng'ambo ya barabara. Uwanja wake wa mbao ulizungushiwa mabati ya zamani, na ndani yake mbao zilipangwa kwa namna ambayo sijaona tena hadi leo: kila safu imetenganishwa na fito nyembamba ili upepo upite, vichwa vimepakwa chokaa, na kwenye kila ubao ameandika kwa mkaa mwezi ulioingia. Mninga wake ulitoka misitu ya kwao, upande wa Runzewe, na hakuuza ubao mpaka umekaa masika mawili. Ukimbembeleza akuuzie mapema alikuwa anacheka na kukuonyesha lango. Wenzake walikuwa wanauza mbao zinazochuruzika maji, na walimwita Mama Subiri, lakini fundi mwenye kazi ya maana alikwenda kwake. Alikuwa na watoto mapacha wa miaka mitano au sita, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, waliokuwa wakicheza juu ya magogo siku nzima na kurudi kwao weusi kwa mkaa. Jina lake katika mji ule lilikuwa ni neno moja tu, kavu. Ukisema mbao ni ya Mama Kulwa ulikuwa umemaliza maneno.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima kwa shavu. Chuoni tulifundishwa mizani na tanuri, vitu ambavyo karakana yetu haikuwa navyo. Siku moja nilikwenda kuchukua mbao nikawa nazigonga kwa kifundo cha kidole, nikisikiliza kama daktari. Akanitazama na mikono kiunoni. "Luhende, unabisha hodi? Hamna mtu humo," akasema, na wachukuzi wake wakaangua kicheko. Kisha akanishika kisogo na kunilaza shavu kwenye ubao mmoja, halafu kwenye mwingine. "Huu wa baridi ni mbichi, maji yapo. Huu umekaa kimya, haukuambii kitu. Huo ndio mkavu. Mkono unadanganya, mkono una sugu. Shavu halidanganyi gete, hata kidogo." Mafundi wote wa Shinyanga walipima hivyo. Ukipita sokoni ungeona wanaume wazima wameinama, wamelalia mbao kama watoto waliosinzia mgongoni.

Kazi ya milango ya kanisa ilitujia katikati ya kiangazi. Kanisa lilikuwa jipya, nje kidogo ya mji, na wazee wake walitaka milango mikubwa miwili ya mbele na mmoja mdogo wa pembeni, yote ya mninga. Mninga mzima kwa milango mikubwa hivyo haukuwezekana. Baba Neema akawapa shauri: kiini kiwe cha msindano, mbao nyepesi za vipande vilivyobandikwa, na upande wa nje ubandikwe mninga mwembamba. Upande wa ndani utapakwa rangi. "Mungu yuko ndani tayari, hahitaji mninga wa kutazama," akawaambia, na Mzee Elisha, mkuu wa wazee wale, akacheka mpaka akavua miwani. Mbao zote zilitoka kwa Mama Kulwa. Nilizipokea mimi, nikaziweka shavuni moja moja, na zote zilikuwa kimya.

Kiangazi cha Shinyanga kinajulikana. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Mwadui na vumbi lake jeupe, na gundi niliyoipaka mwanzo wa ubao ilikuwa imeota ngozi kabla sijafika mwisho. Mlango ule ulikuwa mpana mno kwa mtu mmoja na brashi. Nilibandika kipande cha kwanza kikakataa kushika, nikakibandua na kukikwangua, nikaanza upya, kikakataa tena. Jumapili ya uzinduzi ilikuwa imebaki siku sita. Basi nikabuni ujanja wangu. Nikachota maji kwenye mtungi nikaongeza kwenye ndoo ya gundi, nikakoroga mpaka ikawa kama uji wa mgonjwa, kisha nikaipaka kwa wingi ili isiwahi kukauka. Ilienea vizuri ajabu. Niliweka mninga juu, nikabana kwa jiriwa na kupanga vyuma vizito, na gundi ikatoka pembeni kama maziwa yanayofurika. Nilijiona nina akili kuliko chuo kizima. Hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo. Baba Neema alikuwa hospitali ya Kolandoto siku ile akimtazama mgonjwa, na aliporudi akakuta kazi imebanwa akanipiga begani.

Kesho yake asubuhi nikafungua jiriwa. Gundi ilikuwa ngumu, ukiikwaruza kwa ukucha inakatika, nami nikasema imekauka. Nikapiga randa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Fundi mzee wa meza ya pembeni aliniambia haraka haraka haina baraka, nikamjibu kwamba baraka za kanisa zina tarehe. Tulitundika milango miwili mikubwa Ijumaa. Ule mdogo wa pembeni ulibaki karakanani chini ya turubai, kwa sababu fremu yake ilikuwa haijajengwa. Jumamosi nilikwenda kuitazama nikiwa peke yangu, na nasema bila aibu kwamba nilisimama mbele yake nikatabasamu.

Jumapili, mbele ya waumini wote na wageni waliotoka mbali, milango ilikataa kufunga. Kingo mbili za katikati zilikuwa zimegeuka nje, kila mmoja upande wake, kama watu wawili waliogombana. Mkono ungepita kati yake. Upepo uliingiza vumbi mpaka kwenye vitambaa vya madhabahu, na katikati ya sala tukasikia mlio mkavu, mninga mmoja ukapasuka kutoka juu mpaka usawa wa kitasa. Mtoto akalia. Mzee Elisha hakugeuka, lakini nilikuwa nimeketi nyuma yake nikaiona shingo yake ikikakamaa. Nje, baada ya ibada, watu walisimama wakitazama, na neno la kwanza kutamkwa ndilo linalotamkwa siku zote: mbao mbichi. Lililofuata lilikuwa jina la aliyeziuza.

Jioni ile ile nikafanya jambo ambalo fundi mwaminifu hufanya, na ndilo linalonihukumu. Nikachukua mabaki ya mninga ule na ya msindano ule, nikabandika vipande viwili: kimoja kwa gundi ilivyotoka kiwandani, kidogo tu, na kingine kwa ile yenye maji ya mtungini, kwa wingi. Nikavibana, nikavifungua kesho yake, nikaviweka dirishani mwangu kwenye upepo. Siku ya Jumatano mchana kile cha kwanza kilikuwa kimepinda kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha. Kile cha pili kilikuwa kimejikunja kama jani la tumbaku. Mbao zilikuwa zile zile, kutoka kwenye ubao mmoja. Nilikaa kitandani na vipande vile mapajani, kwa sababu sasa nilikuwa najua. Hadi asubuhi ile ningeweza kusema sijui.

Jioni hiyo, kupitia mianya ya ukuta, nikawasikia wakila. Baba Neema alisema wazee wa kanisa wameitisha kikao kesho saa nne, hapa hapa karakanani, na Mama Kulwa ameitwa. Mama Neema akauliza, "Na wewe unaonaje, Baba Neema? Mbao za yule mama mbichi lini?" Kisha sauti ya kijiko. "Ikiwa ni mbao, ni yeye," Baba Neema akasema. "Ikiwa ni gundi, ni sisi, na karakana hii haitapata tena kazi ya kanisa, ya shule wala ya mtu yeyote. Kijana nampenda, nataka mwakani nimkabidhi usimamizi. Mama Neema, sitaki kujua." Yeye akamwambia, "Mficha uchi hazai, baba," naye akajibu kwamba ugali unapoa. Dakika chache baadaye mama yule akaniletea sahani yangu mlangoni. Alivitazama vile vipande viwili dirishani, akanitazama na mimi, akaweka sahani chini bila utani wowote. Alipoondoka nilivichukua, nikaenda jikoni nyuma yake wakati amekwenda kisimani, nikavisukuma kwenye moto uliokuwa chini ya chungu chake. Mninga unawaka polepole. Nilisimama pale mpaka vikaisha.

Kikao kilikuwa uani, chini ya paa la mabati, na watu kumi na wawili hivi. Mama Kulwa alikuja na kitenge cha heshima, akasalimia kila mtu kwa mkono. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mzee Elisha alipomaliza kueleza, yeye akasema maneno machache: "Wazee wangu, mbao nimezikausha masika mawili. Kama kuna maji, yatafutwe. Pasueni mlango ule uliobaki tuone." Wazo lilikuwa lake mwenyewe. Tukautoa mlango mdogo chini ya turubai, tukaulaza kwenye meza, na Baba Neema akaanza kuukata katikati. Msumeno ulipofika nusu ukabanwa. Mbao ziliubana kutoka pande zote mbili, akavuta, ukagoma. "Mnaona?" akasema akihema. "Mti mbichi unauma msumeno." Watu wakaitikia. Mimi nilijua kilichokuwa kinauma: ulikuwa ni ule mkazo, umepata nafasi ya kupumua. Hatimaye akaukata. Ndani, kandokando ya mstari wa gundi, mbao ilikuwa na weusi wa unyevu. Turubai lilikuwa limeyazuia maji yangu yote mle ndani yasitoke.

Baba Neema akakiinua kipande na kukiweka shavuni. "Baridi," akasema. Akampa Mzee Elisha, naye akasema baridi. Kikapita mkono hadi mkono, kila mtu akiinamisha kichwa, kila mtu akilitaja neno lile lile, kama watu wanaopokea kitu kitakatifu. Kikafika kwangu. "Wewe ndiye uliyezipokea, fundi," akasema Mzee Elisha. "Weka shavu utuambie." Nikaweka. Kilikuwa baridi, baridi kama jiwe la kisimani. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matano au sita. Nilimwona Baba Neema akitazama viatu vyake. Nilikiona chumba changu, kitanda changu, usimamizi wa mwakani. Nikasema, "Ni baridi." Na neno lile lilikuwa kweli. Nimekutana na watu wengi walioumizwa na uongo; mimi nilimwangamiza mtu kwa ukweli, nikiwa nimeulizwa swali nikajibu nilichoulizwa, basi.

Mama Kulwa alikuwa wa mwisho. Hakuna aliyemlazimisha, alinyoosha mkono mwenyewe. Alikilaza shavuni akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko wote. Nilikuwa natazamia apige kelele, aape, anigeukie aseme huyu alizipima, muulizeni. Badala yake alifumbua macho, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, uso wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umevunjwa. Akakigeuza kipande, akaweka shavu la pili. Kisha akakirudisha mezani taratibu na kusema, "Ni kweli. Ni baridi." Wazee wakamwonea huruma, wakasema yamekwisha, asirudie. Akatoka bila kumuaga mtu, na pale langoni nikawaona wale mapacha wakimdaka mikono, mmoja huku na mmoja huku.

Hakuna aliyemfukuza Shinyanga. Watu walipita tu. Fundi aliyekuwa akiingia uwanjani kwake asubuhi sasa alivuka kwenda kwa mwingine, kwa yule mwenye mbao zinazochuruzika, kwa sababu huyo hakuwa amejisifu. Watoto wa mtaani walijifunza kuwaita Kulwa na Doto "mbao mbichi." Mama Neema alivuka barabara mara moja na kibuyu cha maziwa, akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akarudi analia na hakunisemesha siku mbili. Kabla mvua hazijaanza lori lilikuja kumchukua arudi kwao. Nilikwenda kumsaidia kupakia. Sijui nilitaka nini, labda nilitaka anitukane. Tulipakia asubuhi nzima. Mwishoni akajifuta jasho kwa upande wa kitenge akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi anayemuuliza mwalimu: "Luhende, nilikosea wapi? Nilizigeuza kila mwezi. Fito niliziweka." Nikamjibu, "Labda mvua za mwaka jana, mayu. Labda paa lilivuja." Akatikisa kichwa, akakubali. "Labda," akasema, kisha akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, ng'wana wane, umenisaidia sana." Kwenye kikao nilikaa kimya kwa woga, na mtu anaweza kuusamehe woga. Lile jibu nililitoa bila kuogopa chochote, mchana kweupe, ili niondoke pale haraka.

Mwaka uliofuata nilipewa usimamizi, kisha nikaitwa kufundisha, na maisha yamenitendea mema kwa kiasi ambacho huwa kinaniudhi. Runzewe ni safari ya nusu siku tu. Sikuwahi kwenda. Nilisikia kwamba alikuwa akipika chakula kwenye machimbo ya dhahabu, kwamba aliokoka, kwamba hakuuza mbao tena hata za kuni. Nilifika kwake kwa mara ya kwanza siku ya kumzika, asubuhi, nikakuta maturubai yamefungwa, akina mama wanachambua mchele, wachimbaji na nguo zao zenye udongo mwekundu wamekaa kwenye mabenchi wakiongea kwa sauti ndogo. Doto alikuja kunipokea. Ni mwanamke wa makamo sasa, mrefu, na ana mikono ya mama yake. Akanipeleka chumba cha ndani, akanipa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Ulikuwa wasifu wa marehemu, utakaosomwa makaburini. "Wewe ni mwalimu," akasema, "nirekebishie Kiswahili. Halafu mama aliomba jambo moja. Ukishasomwa, mtu wa karakana asimame aseme mmemsamehe. Neno moja tu. Ndilo alilokuwa analisubiri."

Nikasoma. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alizaa mapacha. Kisha mstari huu, kwa mwandiko mzuri wa binti yake: "Marehemu aliteleza mara moja, akaiuzia nyumba ya Mungu mbao mbichi. Aliitubu dhambi hiyo kanisani kila mwaka mpaka alipofariki." Nikausoma tena. Nilikuwa nimedhani miaka yote kwamba kuna mtu mmoja duniani, huko Runzewe, anayeijua kweli pamoja nami na kunichukia kwa haki. Kumbe hakuwepo. Aliliamini shavu lake. Nilimwambia Doto yote, nimesimama: gundi, maji ya mtungi, vipande viwili vya dirishani, moto. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na nilipomaliza akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku moja kabla ya kikao."

"Na sisi tumekua tukijua mama yetu alimwibia Mungu." Nje mtu aliita jina lake, hakuitika. "Kwa hiyo mama alikuwa anatubu nini, Mwalimu?"

Doto akainuka, akachukua kalamu dirishani, akaniwekea mkononi. "Futa hapo. Andika ilivyokuwa," akasema. "Na utausoma wewe."

Niliusoma makaburini, chini ya jua la saa nane, jeneza likiwa mbele yangu juu ya benchi mbili. Nilisoma vizuri mwanzoni. Nimezoea kusimama mbele za watu. Nilipofika kwenye mstari niliouandika mwenyewe sauti ikazama, nikautamka nikielekea karatasi badala ya kipaza sauti, haraka, nikataka kupita kwenda kwenye idadi ya wajukuu. Bibi mmoja wa kanisani kwake, aliyekaa nyuma na fimbo mapajani, akanyoosha mkono. "Rudia hapo, baba," akasema. "Tumemwombea mwenzetu jambo hilo miaka mingi. Huku hatujasikia." Nikamtazama Doto. Alishika kipaza sauti kwa mkono wake akakisogeza mpaka kikagusa mdomo wangu, wala hakukiachia.

"Mbao za Mama Kulwa zilikuwa kavu," nikasema. "Maji niliyatia mimi."